Sentimita Mbili za Bomba

Leo nazungumza na wewe mwenye nyumba wa mkoa wa Singida, na wewe fundi bomba, kuhusu kazi ya dakika chache ambayo huamua kama ukuta wako utabaki mzima au utavunjwa. Ni kazi ya kukata bomba pale unapobadilisha valvu.

Mambo huanza hivi. Valvu ya zamani imegoma. Unazungusha mkono wake, unazunguka bure, maji yanaendelea kupita kama kawaida. Unakwenda duka la vifaa vya ujenzi, unaomba valvu ya nusu inchi kwa sababu ya zamani ilikuwa ya nusu inchi, unalipa, unarudi nyumbani. Fundi anafungua ile mbovu, anajaribu kuweka mpya, nayo haikai. Ama ni fupi, inaacha pengo, ama ni ndefu, haiingii katikati ya mabomba mawili yaliyoshikwa na saruji. Mwenye nyumba anakasirika, anadhani dukani wamempa kifaa kisicho chake. Hapana. Nusu inchi ni kipimo cha njia ya maji na nyuzi zake, wala hakisemi chochote kuhusu urefu wa mwili wa valvu. Geti valvu ya kampuni moja na valvu ya mkono, ile unayoigeuza robo duara, ya kampuni nyingine zote zinaandikwa nusu inchi, na bado zikapishana urefu kwa sentimita moja au zaidi. Hata bomba lenyewe la chuma linaloitwa nusu inchi, ukilipima kwa nje unakuta milimita 21 na ushee, wakati nusu inchi kamili ni milimita 12.7. Kwa hiyo usibebe jina la kipimo kichwani peke yake. Beba valvu ya zamani mkononi, uiweke juu ya kaunta kando ya mpya, uzitazame zikiwa pamoja kabla hujatoa hela.

Hilo likishindikana, ndipo msumeno unapotolewa. Na msumeno ukishapita, hakuna kurudi nyuma. Bomba refu kupita kiasi unaweza kulipunguza tena. Bomba fupi linalotoka ukutani haliongezeki, labda uvunje plasta, uondoe vigae, ufuate laini ndani ya tofali mpaka upate mahali pa kuunganishia. Nimeona bafu zuri, vigae vipya, likifunguliwa ukuta mzima kwa sababu ya sentimita mbili zilizokatwa bila kupimwa.

Kwa nini nalisema hili Singida, na si mahali pengine? Kwa sababu sisi hapa tunabadilisha valvu mara nyingi, na sababu iko kwenye maji yenyewe. Mkoa wetu ni mkavu, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia karibu na Novemba hadi Aprili, na hatuna mto mkubwa wa kutegemea mwaka mzima. Maziwa tunayo, Singidani na Kindai yako hapahapa mjini, lakini maji yake ni ya chumvi, wanaoyafurahia ni heroe. Maji ya bombani mjini yanatoka chini ya ardhi, kwenye visima virefu kama vile vya Mwankoko na Irao, na huko vijijini ni visima vilevile. Maji yaliyokaa kwenye miamba hubeba madini. Kila mama anayechemsha chai anajua ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya geti valvu, kwenye lile bamba linalopanda na kushuka na kwenye nyuzi za mti wake, ule ufito unaozungushwa na mkono. Valvu ikikaa mwaka mzima bila kuguswa, siku unayoitaka ifunge inakataa, na ukiilazimisha kwa spana, mti unakatika.

Juu ya hapo, maji hayatoki saa zote katika mitaa yote, kwa hiyo nyumba nyingi zina tanki juu ya mnara. Tanki moja linaleta valvu nyingi: moja karibu na dira ya maji, moja kwenye bomba linalopanda, boya ndani ya tanki, moja kwenye bomba linaloshuka, kisha za jikoni, chooni, bafuni na ya bustani. Kila moja ni mahali ambapo siku moja bomba litakatwa.

Na maji yanayoshuka kutoka tankini yana nguvu ndogo. Kila mita 10 za kimo hutoa takribani bar moja ya msukumo, kwa hiyo tanki lililo mita 3 juu ya koki linakupa kama bar 0.3, basi. Kwenye msukumo mdogo kiasi hicho, kila kitu kinachobana njia kinaonekana. Ukingo mkali ulioachwa ndani ya bomba na msumeno, ambao maji ya laini kuu yangeweza kuupita bila shida, kwako wewe unageuza bomba la mvua la bafuni kuwa la matone.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Wiki chache zilizopita nilisimama kando ya fundi mmoja wa makamo, mtaa wa Misuna, akibadilisha geti valvu ya bomba la chuma chini ya mnara wa tanki. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, alishauliza mara kadhaa kazi itaisha saa ngapi. Fundi alimjibu kwa upole, "Mama, nikikata vibaya utanipikia mpaka kesho." Kisha akafanya mambo ambayo mafundi wengi wanayaruka.

Kwanza alifunga maji juu, akafungua koki ya chini kabisa, akasubiri bomba likauke. Akaizungusha valvu mpya kwa vidole kwenye nipo, kile kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi, akahesabu ni mizunguko mingapi inaingia kabla haijabana, akaweka alama ya kalamu pale ukingo wa valvu ulipoishia. Akaitoa, akapima kutoka alama ile hadi mwisho wa nipo. Ilikuwa kama milimita 13. Hiyo ndiyo sehemu ya bomba inayomezwa na kifaa, na ndiyo inayosahaulika. Mtu anapima nafasi iliyo wazi katikati ya vifaa viwili, anakata bomba sawasawa na nafasi ile, kisha anashangaa mbona halifiki.

Tuchukue hesabu ya bomba la PPR, lile la plastiki gumu linalounganishwa kwa moto, maana siku hizi ndilo limejaa kwenye nyumba mpya. Bomba la milimita 20 linaingia ndani ya soketi kiasi cha milimita 14. Kama nafasi kati ya soketi mbili ni milimita 100, kipande unachotakiwa kukata si cha 100. Ni 100, ongeza 14 za upande huu, ongeza 14 za upande ule: 128. Fundi aliyekata 100 amepungukiwa karibu sentimita 3, na kipande kile hakina kazi tena. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kinachokosekana ni mtu kusimama, kuchukua penseli na kuiandika ukutani kabla ya kushika mkasi.

Turudi Misuna. Yule fundi alilifuta bomba kwa kitambaa mahali pa kukata, akazungusha karatasi iliyonyooka juu yake, akachora duara zima kwa kufuata ukingo wa karatasi. Mstari wa karatasi iliyokutana na yenyewe ni lazima uwe umenyooka. Kisha akakata kwa msumeno wa chuma, meno yakitazama mbele, mikono miwili, bila kukandamiza, akiuhamisha msumeno kidogo kidogo kuzunguka bomba kila ulipopenya. Alipomaliza alichukua tupa, akasawazisha uso wa nje, halafu akaingiza tupa ya duara ndani na kuondoa ule ukingo mkali. Akapitisha kidole gumba taratibu kuzunguka tundu. Akairudisha tena tupa. Akapitisha kidole tena.

Alipokwisha kuchonga nyuzi mpya, akafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Kabla ya kufunga valvu mpya, aliweka ndoo chini ya bomba, akafungua maji ya tanki kwa sekunde chache, yakatoka kwa kishindo na kuangukia ndoo. Alinionyesha chini ya ndoo: unga mweusi wa chuma, vipande vya ukoko mweupe, na kijiuzi cha katani kilichobaki tangu siku nyumba ilipojengwa. Vyote hivyo vingekuwa ndani ya valvu mpya leo hii. Chenga moja ya chuma ikikaa kwenye kiti cha valvu inakwangua sehemu laini inayofunga, na valvu uliyoinunua jana inaanza kuvuja wiki ijayo. Watu wengi wanasema vifaa vya siku hizi ni vya hovyo. Vingine ni kweli. Lakini vingi vimeuawa na uchafu wa bomba lililokatwa na kufungwa palepale bila kuoshwa.

Kwa PPR mambo ni tofauti kidogo. Chombo chake ni mkasi wa bomba, si msumeno. Msumeno unaacha manyoya ya plastiki ambayo hayayeyuki vizuri na mengine yanadondoka ndani. Mkasi wenyewe uwe mkali, maana mkasi butu unalibonyeza bomba likawa yai, na bomba la umbo la yai halikai sawa kwenye mashine. Likishakatwa kwa mkato ulionyooka, likafutwa likakauka, mashine inatakiwa ifike nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha unaunganisha ndani ya sekunde 4 bila kulizungusha, na unaliacha lipoe dakika 2 nzima bila kuliegemea. Fundi akisukuma bomba kwa nguvu hadi lipite alama ile ya milimita 14, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani kama mdomo na kuziba njia. Nje unaona pete nzuri inayong'aa. Ndani tundu limebaki kama la kalamu. Ndiyo maana nasisitiza alama ya penseli kwenye bomba, kila kiungo, hata kama umefanya kazi hii miaka mingi.

Na maji yasiwepo. Tone moja likifika kwenye kiungo wakati wa kuunganisha linageuka mvuke, linaacha kitundu kisichoonekana. Kama valvu ya juu ndiyo mbovu na haifungi kabisa, usidanganyike kuchoma bomba linalotiririka. Nenda ukafunge valvu yako iliyo karibu na dira. Hapo niseme wazi: upande wako ni ule unaotoka kwenye dira kuja nyumbani. Dira yenyewe na bomba linalotoka barabarani ni mali ya mamlaka ya maji, hapa mjini ni SUWASA, na kuvikata au kuvichezea bila wao ni kosa kwa sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019. Valvu ya kabla ya dira ikiwa imekufa, wape taarifa wao waje wakate.

Jambo jingine ni yunioni. Fikiria mabomba mawili yametoka ukutani yakitazamana, yote yameshikwa na saruji, na katikati unataka kuweka valvu. Hata ukikata kwa kipimo cha dhahabu, utaingizaje? Bomba haliwezi kurudi nyuma ukutani likupishe, na valvu ya nyuzi haiwezi kuzungushwa pande mbili kwa wakati mmoja. Yunioni ndiyo inayofungua mlango huo: vipande viwili vinavyokutana uso kwa uso na kukazwa na nati moja kubwa. Ukiiweka leo, fundi atakayekuja miaka mitano ijayo hatakata chochote. Atafungua nati, atatoa valvu, ataweka nyingine. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mfuko wa saruji na vigae. Mimi sioni sababu ya nyumba kujengwa leo bila yunioni kando ya kila valvu kubwa.

Sasa, msikilizaji, wapo wenzetu walioko Ulaya, na pengine unao ndugu huko, ambao tatizo hilihili wanalipata kwenye mabomba ya shaba nyekundu. Nyumba za Uingereza, kwa mfano, zina rejeta za ukutani za kupashia vyumba joto, na mabomba yanayopeleka maji ya moto mara nyingi ni ya shaba ya milimita 15, yanayochomoza kutoka sakafuni. Bomba limeunganishwa na valvu ya rejeta kwa nati na pete ndogo ya kubana. Nati ikikazwa, pete inalibana bomba pande zote mpaka maji hayapiti. Uzuri wake ni kwamba hakuna moto. Ubaya ni kwamba pete ikishabana imebana, haitoki kwa kuvutwa na vidole.

Mtu akitaka kuweka valvu mpya anakuta pete ya zamani imeng'ang'ania. Njia ya haraka ni kukata bomba chini ya pete na kuanza upya. Lakini bomba limetoka sakafuni na rejeta imetundikwa ukutani kwa kimo chake. Ukikata sentimita mbili, bomba halifiki tena kwenye valvu, na sasa inabidi kufungua mbao za sakafu. Fundi mzuri wa huko hakati bomba. Anaikata pete: anapitisha msumeno kwa mshazari juu ya pete mpaka ibaki ngozi nyembamba, anaacha kabla ya kugusa shaba ya bomba, halafu anaingiza bisibisi bapa kwenye ufa na kuizungusha. Pete inapasuka, bomba linabaki na urefu wake wote. Kipo pia chombo maalumu cha kuivuta. Ni tatizo lilelile la Misuna, na jibu lake ni lilelile: kabla ya kupunguza bomba, tafuta njia ya kutolipunguza.

Ikibidi kukata, shaba haitaki fujo. Chombo chake kina gurudumu dogo lenye makali. Unalifunga kwenye bomba, unazungusha mzunguko mmoja, unakaza kidogo, unazungusha tena. Ukikaza sana kwa pupa, bomba linabonyea na pete mpya haitakaa sawa. Gurudumu hilo nalo linasukuma ukingo kwenda ndani, kwa hiyo ni lazima uondolewe kwa kile kisu cha pembetatu kilichoko kwenye chombo hichohicho.

Hapa kwetu shaba ya namna hiyo hatuioni kwenye maji. Singida kipupwe cha Juni na Julai kinauma, upepo wake kila mtu anaujua, lakini tunajifunika, hatupashi nyumba joto kwa bomba. Shaba yetu iko kwenye friji na viyoyozi: maduka ya nyama, famasi, nyumba za wageni. Mafundi wetu wa friji wanakijua vizuri kile chombo cha gurudumu. Nao nawakumbusha mambo mawili. Wakati wa kuondoa ukingo mkali, mdomo wa bomba utazame chini ili chenga zisiingie ndani, kwa sababu chenga moja ikifika kwenye kompresa inaua mashine nzima. Na friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a, ambayo inawaka. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Usilete moto karibu na bomba kabla gesi haijatolewa na hewa ya chumba kupita vizuri.

Nirudi kwenye maji, na niende vijijini, maana huko kosa la kukata linaumiza watu wengi kwa mara moja. Mwaka 1971 serikali ilipanga kwamba ndani ya miaka 20, ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na makazi yake, na mita 400 zikawa kipimo ambacho sera ya maji ya mwaka 2002 iliendelea kukitaja. Tangu 2019 kazi ya vijijini iko chini ya wakala wa maji vijijini, RUWASA, na vituo vya kuchotea vinaendeshwa na vyombo vya watumia maji vya jamii. Kituo kile kina koki mbili au tatu, zinafunguliwa na kufungwa kutwa nzima na mikono ya mamia ya watu. Koki inakufa haraka. Anaitwa kijana wa kijijini mwenye wembe wa msumeno uliofungwa kitambaa upande mmoja kuwa mpini. Anakata nipo iliyokatikia ndani, anachonga alivyoweza, anafungasha tepu nyeupe nyingi, anakaza. Inavuja, lakini maji yanatoka, na akina mama wameshapanga ndoo.

Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tone likiwa robo ya mililita, hizo ni zaidi ya lita 21, ndoo kubwa nzima imekwenda ardhini kutoka koki moja, na pampu imeyanyanyua maji hayo kutoka kisimani kwa dizeli au kwa umeme wa jua uliolipiwa na wanakijiji. Yule kijana simlaumu. Nawaomba viongozi wa vyombo vya maji wamnunulie vitu vinne: msumeno kamili wenye fremu, tupa ya duara, chombo cha kuchonga nyuzi za nusu inchi na robo tatu, na spana mbili za bomba. Mbili, kwa sababu moja inashika bomba lisizunguke na nyingine inakaza. Anayekaza kwa spana moja anausokota ule mzizi wote ulioko chini ya zege, na uvujaji unahamia mahali pasipoonekana. Na akipatikana kijana mwenye moyo wa kazi, apelekwe chuo cha ufundi cha VETA akasomee ufundi bomba, arudi na cheti. Tunapeleka watoto mbali kusomea mengi, na kituo cha maji cha kijiji kinabaki mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemfundisha.

Kuhusu malipo, nitasema ninavyoamini. Tumezoea kumlipa fundi kwa idadi ya vifaa alivyofunga. Valvu moja, kiasi fulani. Kwa bei ya namna hiyo, fundi anayepima, anayechora mstari, anayeosha bomba, anapata hasara, na anayekata kwa jicho anamaliza nyumba tatu kwa siku. Sisi wenye nyumba ndio tuliotengeneza hali hiyo. Fundi akikwambia kazi itachukua nusu siku kwa sababu anataka kukausha laini na kuweka yunioni, msikilize, jadilianeni bei ya hiyo nusu siku.

Na wewe unayejenga msimu wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijafika na kabla fundi wa plasta hajaanza, pita kwenye kila mahali bomba linapotoka ukutani. Hakikisha limechomoza sentimita kumi hivi kutoka kwenye uso wa tofali, na limezibwa kwa plagi ili mchanga usiingie. Plasta na kigae vitakula sentimita tatu au nne. Zinazobaki ndizo zitakazokatwa siku ya kufunga koki, na tena siku ya kubadilisha, na tena baada ya hapo. Fundi wa plasta atakwambia bomba linamsumbua, atataka kulikata lilingane na ukuta. Mkatalie.

Kwa nyumba ambazo zimeshajengwa, fanya jambo hili siku utakapobadilisha valvu. Mwambie fundi asitupe kile kipande cha bomba alichokata. Kichukue, ukiangalie kwenye mwanga wa jua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama ndani ni safi na tundu ni zima, valvu mpya itakutumikia. Kama ukoko mweupe na kutu vimekula nusu ya njia, basi ujue bomba lote lililobaki ukutani liko hivyohivyo, na hela yako inayofuata ipange kwa ajili ya laini mpya kutoka kwenye dira hadi tankini, ipite nje ya ukuta, mahali ambapo jicho na spana vinafika.